Mei Mosi Moja, Mishahara Miwili

Kila Mei Mosi wafanyakazi wa Tanzania huandamana na fulana zao na mabango yao, wakapita mbele ya jukwaa kuu, kisha wakatulia juani wakingoja jambo moja: mgeni rasmi ataje tarakimu. Mwaka 2025, katika Uwanja wa Bombadia mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaja. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai, ongezeko la asilimia 35.1.

Tarakimu hiyo haikuwa ya kila aliyevaa fulana. Mlinzi wa kampuni, mwalimu wa shule ya binafsi, mhudumu wa hoteli na mpakiaji wa ghalani hawakuguswa nayo. Yao ilitangazwa Oktoba: wastani wa viwango vya chini vya sekta binafsi ungetoka shilingi 275,060 hadi 358,322, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Sikukuu ni moja, mishahara ni miwili, na baina yake pana pengo la shilingi 141,678.

Vijiweni pengo hili halikosi wa kulibishania. Mmoja atasema watumishi wa serikali wananeemeka kwa kodi za wavuja jasho. Mwenzake atajibu kwamba serikali hulipa kidogo, ndiyo maana wataalamu wake wamekimbilia benki na migodini. Kila mmoja ana ukweli wake, maana mmoja anatazama chini ya ngazi na mwingine anatazama juu. Tukiipanda ngazi nzima, tutakuta pia jambo ambalo vijiweni halitajwi sana: pengo linaloumiza kuliko yote lipo chini kabisa, na serikali yenyewe ina mkono ndani yake.

Tarakimu mbili hutoka wapi

Mshahara wa mtumishi wa umma hutokana na bajeti. Serikali hupanga ngazi na madaraja, hutoa waraka, na kila mtu anaweza kujua mwenye daraja fulani analipwa nini, awe Kigoma au Mtwara. Akiajiriwa leo, anajua pia nyongeza ya mwaka itakuwa kiasi gani na daraja lifuatalo ni lipi, ijapokuwa hajui lini atapandishwa.

Sekta binafsi ina njia nyingine. Kwa mujibu wa Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, bodi za mishahara huchunguza hali ya kila sekta, kisha waziri mwenye dhamana ya kazi hutoa amri ya kima cha chini. Kwa hiyo hakuna kima kimoja cha chini cha sekta binafsi. Katika amri iliyoanza Januari 2023, mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wake aliwekewa shilingi 60,000 kwa mwezi. Mfanyakazi wa shambani aliwekewa 140,000, wa shule ya binafsi 207,000, na wa taasisi ya fedha 592,000. Kima cha serikali wakati huo kilikuwa 370,000. Mfagiaji wa benki, kwa sheria, alikuwa na haki ya kupata zaidi ya mhudumu wa ofisi ya serikali, na mara kumi kasoro kidogo ya binti anayelala jikoni kwa mwajiri wake.

Anayesema "sekta binafsi inalipa vibaya" au "inalipa vizuri" inabidi kwanza aulizwe: ipi? Jina hilo linabeba kampuni ya simu yenye wafanyakazi wenye bima na gari la ofisi, likabeba na duka la vifaa vya ujenzi lenye vijana wawili wasio na mkataba. Hata utumishi wa umma si kitu kimoja. Mhasibu wa shirika la umma linalojiendesha kwa mapato yake anaweza kulipwa zaidi ya mhasibu wa halmashauri aliyesoma naye darasa moja.

Kulinganisha walio sawa

Kosa la kwanza katika ubishi huu ni kuchukua wastani wa mishahara ya serikali, ukauweka kando ya wastani wa mishahara ya binafsi, ukatoa hukumu. Serikali imeajiri walimu, wauguzi, madaktari, wahandisi na wanasheria kwa wingi. Sekta binafsi nayo ina wataalamu wake, lakini pia imebeba mamia ya maelfu ya wapakiaji, walinzi, wahudumu na vibarua. Ukilinganisha wastani hapo, umelinganisha elimu na umri wa watu, hujalinganisha waajiri.

Njia iliyo sawa ni kuchukua watu wenye elimu, uzoefu na kazi zinazofanana, kisha kuuliza nani anampa nani zaidi. Mfano mzuri wa hesabu hiyo ulitolewa mwaka 2017 na Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani. Ilikuta kwamba mfanyakazi wa serikali kuu ya nchi hiyo mwenye elimu ya sekondari au pungufu alipata mshahara mkubwa kwa asilimia 34 kuliko mwenzake wa sekta binafsi. Mwenye shahada ya uzamivu au ya taaluma za juu, kama udaktari na sheria, alipata pungufu kwa asilimia 24. Kwa mwajiri huyohuyo, wa chini alikuwa mbele na wa juu alikuwa nyuma.

Tanzania si Marekani, lakini umbo hilo si geni kwetu. Serikali, popote ilipo, huona haya kumlipa mhudumu wake mshahara wa aibu, na huogopa kumlipa mkurugenzi wake mshahara utakaozua maneno bungeni. Matokeo yake ni ngazi iliyofinywa pande zote mbili.

Kuna pia suala la saa. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, siku tano, sawa na saa 40 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamruhusu mwajiri kumfanyisha mtu kazi ya kawaida hadi saa 45 kwa wiki, ndani ya siku sita. Gawa kima kipya cha serikali kwa saa za mwezi: saa moja ni kama shilingi 2,900. Gawa wastani wa kima cha binafsi kwa saa zake: ni kama shilingi 1,840. Pengo lililoonekana la asilimia 40 kwa mwezi linakuwa asilimia 57 kwa saa. Ni kweli mwalimu wa serikali husahihisha madaftari usiku, na muuguzi wa zahanati ya kijijini huamshwa saa nane za usiku na mama mwenye uchungu. Lakini mlinzi wa kampuni naye hukesha saa kumi na mbili, na si mara zote ziada yake huonekana kwenye malipo.

Juu ya ngazi

Mwanzoni mwa urais wake, mwaka 2016, John Magufuli alitangaza kwamba wakuu wa mashirika ya umma waliokuwa wakipokea hadi shilingi milioni 40 kwa mwezi wasizidi milioni 15. Wananchi wengi walimshangilia, na si vigumu kuelewa kwa nini. Milioni 40 ni mishahara ya watumishi zaidi ya mia moja wa kima cha chini cha siku zile.

Hata hivyo hapa ndipo serikali inapopoteza watu. Mhandisi wa madini, mtaalamu wa mifumo ya kompyuta, mwanasheria wa mikataba ya gesi na daktari bingwa wanauzika nje ya serikali, na wengine nje ya nchi. Siku serikali inapoketi mezani kujadili mkataba na kampuni kubwa ya kigeni, mshahara wa mtu aliyekaa upande wake wa meza unageuka kuwa suala la taifa zima. Anayelipwa kidogo anaweza kuwa mzalendo wa kweli, na wapo wengi. Lakini nchi haiwezi kujenga utaalamu wake juu ya sadaka za watu wachache.

Ufa wa mshahara wa juu umezibwa kwa muda mrefu na posho. Mwaka 2022 kiwango cha juu cha posho ya kujikimu safarini kilipandishwa kutoka shilingi 120,000 hadi 250,000 kwa siku. Siku mbili za safari kwa kiwango hicho zinafikia kima cha chini cha mwezi mzima. Posho ina kazi yake halali: mtu akisafiri lazima ale na alale. Ubaya unaanza pale inapogeuka mshahara wa pili, kwa sababu humfikia anayehudhuria warsha, ikamkosa mwalimu aliyebaki darasani. Kwa hiyo anayelinganisha sekta mbili kwa kusoma slipu za mshahara peke yake hupunguza kipato cha wa juu serikalini, na hajui kipato halisi cha wa chini.

Heri kenda shika

Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji iliita usaili wa nafasi 70. Vijana zaidi ya 10,000 walijitokeza, ikabidi wafanyiwe mtihani Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipokea maombi zaidi ya 135,000 kwa nafasi 1,596, sawa na waombaji takribani 85 kwa kiti kimoja.

Foleni hizo haziji kwa mshahara peke yake. Wahenga walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda urudi. Serikali huuza kitu ambacho waajiri wengi wa binafsi hawana dukani: uhakika. Mtumishi wa umma aliyethibitishwa kazini haachishwi kwa sababu bosi ameamka vibaya. Mshahara wake huingia hata biashara ikiwa mbaya. Uhakika huo una thamani inayoweza kuhesabika. Benki humkopesha kwa slipu yake, kwa sababu makato yatatoka kwenye mshahara kabla haujamfikia, mradi abakiwe na theluthi moja. Kwa mkopo huo hununua kiwanja, hupandisha boma, husomesha. Kijana wa kampuni ndogo mwenye mshahara uleule hana slipu inayoaminika, akipata shida huangukia mikopo ya kausha damu. Mishahara miwili iliyo sawa inaweza kujenga maisha mawili tofauti.

Hata makato hayafanani. Michango ya hifadhi ya jamii ni asilimia 20 ya mshahara kwa pande zote mbili. Katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, mtumishi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huchangia 15. Katika NSSF, mfuko wa sekta binafsi, kwa kawaida kila upande hutoa 10. Kwa mshahara wa shilingi 500,000, wa serikali hukatwa 25,000 na wa binafsi 50,000. Hiyo ni tofauti ya nauli ya daladala ya mwezi, na haionekani ukisoma mshahara ghafi.

Uhakika nao umewahi kutikiswa. Mifuko minne ilipounganishwa mwaka 2018 kuzaa PSSSF, neno kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, lilihama kutoka ofisi za wahasibu likaingia kila nyumba ya mtumishi. Watu waliotarajia kupokea nusu ya mafao yao kwa mkupuo waliambiwa robo. Kilio kikawa kikubwa, kanuni ikasitishwa, mwaka 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote, na bajeti ya 2024/25 ikawapandisha hadi 40 wale waliokuwa zamani wakipata nusu. Mwalimu aliyevumilia miaka thelathini na tano ya mshahara mdogo alikuwa amefanya mapatano na serikali: nilipe kidogo leo, unilipe uzeeni. Mapatano yakibadilishwa mtu akiwa karibu kustaafu, hana umri wa kuyatafuta kwingine.

Ahadi na mfumuko

Ubishi huu una historia ndefu. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewapunguzia sehemu kubwa ya malipo kwa muda wa utumishi huo. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawarudisha makwao, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili. Ujumbe ulikuwa kwamba mshahara wa serikali ni jasho la mkulima, na anayeupokea anadaiwa.

Miaka ya themanini ikaja na mfumuko wa bei ulioutafuna mshahara huo hadi mfupani. Karani akafuga kuku, mwalimu akauza barafu na maandazi, daktari akafungua duka la dawa, na neno "mradi" likapata maana mpya ya kile kinachomlisha mtu mshahara ukiisha. Azimio la Zanzibar la 1991 lilipolegeza masharti ya uongozi, lilikuta maisha yamekwisha kuyalegeza.

Hesabu moja ya karibuni hunifikirisha sana. Mwaka 2010 Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, TUCTA, lilidai kima cha chini cha shilingi 315,000, likatishia mgomo. Rais Jakaya Kikwete, akizungumza na wazee wa Dar es Salaam, alisema serikali haina uwezo huo. Kima kilipita tarakimu hiyo mwaka 2022, kilipotoka 300,000 hadi 370,000. Miaka kumi na miwili ilipita, na shilingi 315,000 za 2022 hazikununua kile ambacho zingenunua 2010. Katikati kulikuwa na miaka kadhaa, kuanzia 2016, ambayo mishahara haikupandishwa na madaraja yakasimama.

Na nyongeza ilipokuja, ilikuja zaidi kwa wa chini. Asilimia 23.3 iliyotangazwa 2022 ilikuwa ya kima cha chini. Julai wengi wa ngazi za kati walifungua slipu wakakuta nyongeza ndogo kuliko waliyoisikia redioni. Kumwinua wa chini ni haki. Lakini ngazi inayoinuliwa chini tu hufikia mahali ambapo mwenye shahada na uzoefu wa miaka kumi anajiuliza alisoma kwa nini, na hapo ndipo anapoanza kutafuta mlango.

Wanaohama katikati ya muhula

Mshahara wa serikali hauishii kwa watumishi wake. Ajira mpya za walimu zikitangazwa, shule za binafsi za kawaida hupoteza walimu katikati ya muhula. Mwalimu huaga Ijumaa, Jumatatu yuko njiani kwenda wilaya ambayo hajawahi kuiona. Hospitali za makanisa zimeonja hali hiyohiyo kwa waganga na wauguzi. Ndiyo sababu mojawapo ya serikali kubeba mishahara ya watumishi wa baadhi ya hospitali hizo, hasa zile zilizofanywa hospitali teule za wilaya.

Wenye shule hulalamika, na malalamiko yao yana uzito: ada za wazazi wa kipato cha kati haziwezi kushindana na hazina ya taifa. Hata hivyo silioni tatizo kwa mwalimu aliyehama. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kuwepo kwa mwajiri mmoja anayelipa kwa wakati, anayechangia mafao na asiyefukuza ovyo, huwafunza wafanyakazi wote kwamba jambo hilo linawezekana. Zanzibar ilipopandisha kima cha chini cha sekta binafsi kutoka shilingi 180,000 hadi 347,000 mwaka 2024, ilionyesha kwamba pengo linaweza kuzibwa kutoka chini bila kumshusha aliye juu.

Mlinzi wa getini

Simama asubuhi mbele ya jengo lolote kubwa la serikali. Ndani, mhudumu anayepeleka mafaili ni mtumishi wa umma. Kima chake ni shilingi 500,000. Getini, katika ofisi nyingi, kuna mlinzi wa kampuni. Ukumbini kuna mama anayepiga deki, naye ni wa kampuni ya usafi. Tangu mageuzi ya miaka ya tisini, kazi kama hizi zilitolewa nje kwa zabuni ili serikali ibaki na shughuli zake za msingi. Amri iliyoanza 2023 ilimwekea mlinzi wa kampuni ndogo shilingi 148,000 kwa mwezi, wakati mhudumu wa ndani alikuwa na 370,000. Wote wawili wanalipwa kwa kodi ileile, wanatumikia jengo lilelile, ila mmoja amepita mlango wa ajira na mwingine mlango wa zabuni.

Hapa ndipo kile kinachoitwa pengo la sekta mbili kinapofichua kilivyo. Zabuni humpendelea mwenye bei ya chini. Kampuni ya ulinzi haina mashine ya kupunguza gharama. Gharama yake kubwa ni mtu. Ili ishinde, hupunguza mtu: zamu ndefu, malipo ya chini kabisa, na kwa kampuni zisizo waaminifu, michango ya NSSF inayokatwa bila kufikishwa. Serikali ikichagua bei hiyo, imenunua kwa bei ya chini kazi ambayo yenyewe ingeona aibu kuilipa hivyo.

Tuanzie wapi

Kwanza, serikali ianze na nyumba yake. Kila zabuni ya ulinzi, usafi na chakula iwe na sharti la mshahara usiopungua kiwango kitakachotajwa wazi, na malipo ya mkandarasi yaambatane na ushahidi kwamba michango ya wafanyakazi imefika. Sharti hilo halihitaji sheria mpya kubwa, na lingewafikia maelfu ya watu kabla amri yoyote ya mishahara haijaandikwa.

Pili, viwango vya sekta binafsi vipitiwe kwa ratiba inayojulikana, tena sambamba na vya umma. Amri iliyoanza 2023 ilirithi viwango vya mwaka 2013. Mfanyakazi wa ndani alingoja takribani miaka kumi kuongezewa shilingi 20,000. Maafisa kazi nao waongezwe, kwa sababu kima cha chini kisicho na mkaguzi ni karatasi.

Tatu, juu ya ngazi tuwe wakweli. Kenya, kupitia Katiba ya 2010, iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, na viwango vya viongozi wa juu vya huko huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Ugomvi wa mishahara haujaisha Kenya, lakini hubishaniwa kwa tarakimu zilizo mezani. Nasi tungefaidika kama mshahara wa wataalamu adimu ungewekwa wazi ukiwa mshahara, ukalipwa kwa sababu zinazoelezeka, badala ya kujificha ndani ya posho.

Wapo pia walio nje ya hesabu hii yote. Mkulima, mama lishe na dereva wa bodaboda hawana mwajiri wa kuwapandishia chochote, nao ndio walio wengi. Wakisikia tarakimu ya Mei Mosi, hujua bei za sokoni huenda zikaifuata. Ndiyo maana mjadala huu haupaswi kuishia kwenye wivu wa mwenye mkate mdogo kwa mwenye mkate mkubwa. Kodi yao ndiyo inayomlipa mhudumu aliye ndani ya jengo, na ndiyo inayomlipa mlinzi aliye getini. Wana haki ya kuuliza kwa nini mmoja anarudi nyumbani na mshahara na mwingine anarudi na nauli tu.